Shavu la kushoto la binti yangu

Binti yangu ana miaka minne, na ana namna yake ya kukataa mboga za majani. Halii wala hasukumi sahani. Anatia tonge mdomoni, analisogeza kwenye shavu la kushoto, halafu anatulia. Usiku mmoja nilimkuta kitandani amekwisha kusinzia, shavu bado limetuna. Nikalitoa tonge kwa kidole. Lilikuwa lilelile la jioni, halijaguswa na jino.

Nilishindana na shavu hilo kwa miezi. Nilimwahidi kitu kitamu, nilimhesabia moja mpaka kumi, na siku moja nikamfokea hadi akatetemeka. Siku hiyo naijutia mpaka leo. Mama alikuwa amekuja kututembelea. Alisubiri mtoto atoke, ndipo akaniambia taratibu: "Mwanangu, huyo ni baba yako mtupu."

Kweli kabisa. Mboga ya baba ilikuwa ikitengwa kwenye bakuli lake, na mara nyingi ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Alikuwa akisema kabichi inamwachia uchungu hadi kooni. Sisi watoto uchungu huo tuliusikia kwa mbali tu, kwa hiyo tulimwona anachagua chakula.

Mwaka 1931 mkemia Mmarekani Arthur Fox alikuwa akihamisha kemikali iitwayo PTC, unga wake ukatimka maabarani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu; Fox hakusikia ladha yoyote. Baadaye ikaonekana kwamba tofauti hiyo hurithiwa, na mwaka 2003 watafiti wakaitambua jeni yenye mchango mkubwa, TAS2R38. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha uchungu kwenye ulimi, na kabichi na brokoli zina kemikali zinazokiamsha. Aliyerithi nakala kali ya jeni hiyo, yaani ile inayousikia uchungu vizuri, kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye kwa kawaida huumia zaidi. Nilimuuliza mume wangu. Akakiri kwamba miaka yote kabichi anaila kwa heshima ya mpishi! Sijampima mtu yeyote nyumbani, lakini baada ya kusoma hayo sikuweza tena kuliita shavu lile ukaidi.

Hata hivyo sikubali kwamba yameishia hapo. Mimi, kwa mfano, siwezi kuacha chakula kwenye sahani. Nikishiba naendelea, kwa sababu mezani kwetu sahani ilipaswa kurudi nyeupe. Hilo silioni kama jambo la ulimi. Nimelirithi, ila nimelirithi kwa kukaa kwenye kiti kila jioni na kutazamwa. Tena meza huanza mapema kuliko nilivyodhani: katika utafiti wa Julie Mennella na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, kina mama walikunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha, na watoto wao walipoanzishiwa chakula waliipokea ladha ya karoti kwa nyuso tulivu zaidi. Na mtoto anayekataa leo huenda akahitaji kukionja chakula hichohicho mara kumi au zaidi kabla hajakizoea. Kumlazimisha mara nyingi humzidishia chuki. Mimi nilikuwa nakata tamaa mara ya tatu, kisha nafoka.

Sasa naweka jani moja pembeni mwa sahani yake, dogo kama ukucha wa kidole gumba. Mimi nakula langu, baba yake anakula lake (safari hii kwa moyo), na hakuna anayetaja mboga. Hatuahidi kitu kitamu. Akiliacha, linaondoka na sahani.

Juzi alilishika kwa vidole viwili, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akafumba macho na kukunja uso wote kama baba yangu alivyokuwa akikunja. Kisha akalirudisha mahali pake, akaendelea na chakula kingine, shavu lake la kushoto tupu.