Nilivyoacha Kuosha Kichujio kwa Maji ya Bomba

Nilianza na samaki 6 tu kwenye tangi la lita 300, nikajiona mjanja: wachache, maji safi, ugomvi hakuna. Walikuwa mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Ni jamaa za sato na perege, ila kwa ukorofi hawana mfano. Haikupita hata mwezi, dume mmoja wa auratus, wale wanaozaliwa na manjano kisha madume wakageuka weusi wakikomaa, akawa amejimilikisha nusu nzima ya tangi. Wenzake walijibanza juu kabisa, kwenye kona ya bomba la kichujio, mapezi yamechanikachanika. Wawili nikawakuta wamekufa.

Rafiki yangu aliyefuga miaka mingi alicheka. "Umewaweka wachache mno. Mnyonge akiwa mmoja atapigwa mpaka afe. Wakiwa wengi, mbabe atachoka kufukuza."

Auratus nikamgawa (kuna viumbe hawafai kukaa na watu, seuze na samaki wenzao). Nikaongeza wapole kidogo, wengi wao labido wa manjano (mbuna wa aina nyingine), mpaka wakafika 18, kila dume na majike wasiopungua watatu. Kabla ya kuwamwaga wageni nilipangua mawe yote na kuyapanga upya, ili wenyeji nao waanze kutafuta pango. Hilo lilisaidia sana. Waliendelea kufukuzana, lakini hakuna aliyeandamwa peke yake.

Nilichosahau ni kwamba samaki 18 wanachafua maji mara tatu ya 6. Wiki ya pili nikafungua kichujio, nikakuta sponji imejaa tope la kahawia. Nikaona aibu. Nikaipeleka kwenye bomba, nikaikamua na kuisugua mpaka ikawa nyeupe, nikairudisha huku najipongeza.

Siku mbili baadaye, asubuhi, samaki wote walikuwa juu ya maji, matamvua yanapiga mbiombio kama watu waliotoka kukimbia. Nikadondoshea dawa ya kupima amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kwenye kichupa cha maji ya tangi. Rangi ilipaswa kubaki njano. Ikawa kijani kibichi. Lile tope nililoliona uchafu ndilo lililokuwa makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo si sumu kali, na klorini ya bomba ilikuwa imewamaliza. Tena maji ya mbuna huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 hivi, na pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa sumu kali. Kipimo ambacho samaki wa maji laini wangekivumilia, wangu kiliwaunguza.

Kwa karibu wiki tatu nilibadilisha maji kila siku, wakati mwingine nusu ya tangi, na chakula nikapunguza mpaka kikawa cha kuonja tu. Nilipoteza wengine wawili.

Siku hizi nina vichujio viwili na sivigusi vyote viwili siku moja. Sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, mara mbili tatu, basi. Ikibaki na rangi ya kahawia, sawa. Kila Jumamosi natoa asilimia 40 ya maji, na mapya nayatia dawa ya kuondoa klorini na kuyafikisha nyuzi 25 kabla ya kuyamimina. Chini nimeweka mchanga wa matumbawe, unaoizuia pH isiteremke. Chakula ni cha mwani, kidogo kidogo. Vyakula vya nyama vingi huwavimbisha mbuna matumbo.

Jumamosi iliyopita nilimwona jike mmoja wa manjano hagusi chakula, kidevu kimetuna. Amebeba mayai mdomoni na atakaa nayo karibu wiki tatu. Nilivuta maji upande wa pili tu, mawe yake sikuyagusa.