Sikujua nimwombee kama mzima au kama marehemu

Mdogo wangu alitoka Bagamoyo kwenda kuvua dagaa wakati wa giza, msimu wa kusi, na chombo hakikurudi. Alikuwa na wenzake wawili. Walitafutwa, wavuvi wenyewe wakaacha kazi zao kusaidia, mwisho kila mtu akarudi kwenye shughuli zake isipokuwa sisi. Habari ya bahari naiacha hapo. Ninachotaka kueleza ni namna nilivyosali miezi iliyofuata, maana wako wenzangu pale sokoni wanaoniuliza, na swali lenyewe si la kujibiwa huku unapima samaki.

Imani nilikuwa nayo. Nilichokosa ni cha kuomba. Nikisema "Bwana, mrudishe," moyo unanisuta, wiki zote hizi, unajidanganya. Nikisema "Raha ya milele umpe, ee Bwana," naona kama ninamzika kwa mdomo wangu mwenyewe, na mama yetu kila jioni bado anamwekea chakula. Basi napiga ishara ya msalaba, nafika "na la Roho Mtakatifu, amina," halafu nakaa kitandani kimya mpaka usingizi unanichukua.

Tena mimi si mtu wa kukosa maneno. Kwenye jumuiya yetu, zamu ya kuongoza maombi ikikosa mtu, wananitazama mimi. Wapo walionishauri nipaze sauti, nikemee, nidai kilicho changu. Nilijaribu. Labda kuna wanaosaidika, ila mimi nilitoka pale koo linawasha na Mungu sijamwambia lolote.

Nikamwendea paroko nikitegemea atanipa sala maalumu, ile ya kukunja na kuweka kwenye pochi. Akafungua Warumi 8, mstari wa 26, akanipa nisome mwenyewe: "hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Nilishausikia misani mara nyingi, nikidhani unawahusu wale ambao hata Baba Yetu inawapiga chenga. Kumbe mtume Paulo anajihesabu humo humo. Paroko akaniambia, "Dada, usiku ukikaa pale kitandani, ugua. Kwa sasa sala yako ni hiyo." Nilitoka nimepungukiwa mzigo kidogo, si sana.

Maneno yaliyonifaa mwanzoni yalikuwa ya kuazima. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni. Ya 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini" na kumalizika kwa kuimba. Wakati ule kuimba sikuweza. Nikaangukia ya 88, yenye vilindi na mawimbi ndani yake, nayo haigeuki, inaishia gizani vilevile ilivyoanza. Niliipenda kwa sababu hiyo. Nikawa naisoma kwa sauti ya chini usiku, nafunga kitabu, nalala. Kama Kanisa limeiacha zaburi ile miaka yote hii bila kuiwekea mwisho mzuri, na mimi naruhusiwa kulala bila mwisho mzuri.

Mchana ilikuwa rozari, lakini ya vidole, maana shanga na mafuta ya samaki havipatani. Mimi nakaanga samaki. Ukimgeuza changu kabla hajashika, ngozi yote inabaki kwenye karai, kwa hiyo lazima usubiri. Katika kule kusubiri Salamu Maria moja inaenea, wakati mwingine nusu, mteja anaita, unaanza tena. Matendo, yale matukio ya Yesu na Maria yanayotafakariwa kwenye rozari, sikuyabadilisha kulingana na siku. Nilibaki kwenye ya uchungu, hasa lile la Getsemani. Mathayo anaandika kwamba Yesu alirudi kuomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Naye hakuwa na mapya.

Jumapili baada ya misa nilikuwa nakaa chini ya miembe ya Misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, na kati ya watu wa kwanza waliokaa nao walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Wageni wakija husimuliwa habari za watoto hao. Mimi nilikuwa nawawaza wazazi wao waliobaki bara, ambao hawakujua kama mtoto yu hai au alifia njiani. Nao kila jioni walikaa na swali langu. Sijui kwa nini hilo lilinituliza, lakini lilinituliza.

Wale wawili waliokuwa na mdogo wangu ni Waislamu, na kwao walishasoma hitima. Nilikwenda, nikakaa na kina mama kwenye mkeka. Mama yetu hakutaka kwenda. Alisema wao wameamua, yeye hajaamua.

Novemba ikafika, parokia ikagawa bahasha za kuwaombea marehemu. Mama hakuigusa. Nikarudi kwa paroko, akanikumbusha kuwa Misa huombewa wazima na marehemu, na aliko mdogo wangu Mungu anakujua. Nikachukua bahasha ya nia ya kawaida, nikaandika jina lake la ubatizo. Katibu akauliza, "Dada, niweke marehemu au mgonjwa?" Nikamwambia aache hivyo hivyo. Akanitazama, akaandika.

Likasomwa kati ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa kwenye mtihani na mzee mmoja aliyelazwa. Mama alikuwa pembeni yangu, akaitikia "Ee Bwana, utusikie" kwa sauti kuliko wote wa benchi letu. Bahasha hiyo natoa mpaka leo, na kila mara mama ananiuliza nimeandikaje.