Nani anailipa siku yangu?

Tangu Jumanne sauti ile haijanitoka. Nikiosha vyombo naisikia, nikipanda bodaboda ya Ligula naisikia, jana nimemsuka binti upogo kwa sababu yake. Yule mama wa meza ya nne, pale kiwandani kwetu tunakobangua korosho, ninayemtaja kila mara humu, aliweka chini kisindano cha kuchokolea kiini, akanitazama:

"Mwanangu, jaribio lenu likishindwa, nani anailipa siku yangu?"

Nikamjibu: "Mama, hili ni kwa faida yetu sote."

"Haya," akasema, akarudi kubangua.

Hiyo "haya" ndiyo inayonichoma. Bodi imepitisha fedha za awamu ya pili, Baba Watoto karudi salama kutoka Masasi, umeme ulikatika siku mbili, na mimi bado niko pale mbele ya meza ya nne.

Mradi mnaujua: kuchekecha korosho ghafi kwa ukubwa kabla hazijaingia kwenye mvuke. Zikichemshwa pamoja, ndogo huiva wakati kubwa bado. Zikifika kwenye kisu kilichofungwa kwa upana mmoja, kubwa hupasuka na kiini chake, na kipande hakiuziki kwa bei ya nzima, sembuse bei ya W180, zile nene ambazo viini 180 vinajaza ratili. Nilipanga vizuri. Meza mbili tu, wiki tatu, vipimo vya kabla na baada, hata siku ya kuamua tuendelee au tuache. Ila hakuna mahali nilipoandika kwamba wabanguaji wanalipwa kwa kilo. Kusubiri chekeche kunawala saa nzima ya asubuhi, na saa hiyo kwao ni unga. Wiki ya pili tukakuta korosho ndogo zimerudishwa kwenye ndoo za kubwa, nami nikaandika kwenye ripoti: "Wafanyakazi hawafuati utaratibu." Mimi, niliyesomeshwa na mama mbanguaji.

Mama alinisimulia tangu utotoni habari za viwanda vya miaka ya 1970, na mashine zake za Italia na Japani. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani 145,000 hivi. 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya Ujamaa, mikorosho ikabaki mbali nao ikimezwa na pori, mashine zikakosa cha kubangua. Siku zote niliihesabu habari hiyo kuwa ya watu wengine.

Alhamisi nilikwenda kukaa na yule mama wa meza ya nne. Shikamoo, marahaba, akanisogezea ndoo nikalie. Kwanza akanipaka mafuta vidoleni, maana maji ya ganda yanaunguza. Vidole vyake vimeshakuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Kumbe pajani ana kitambaa. Kila korosho kubwa anaitupia humo. Ndogo zikiisha, analegeza skrubu ya kisu robo mzunguko, anazibangua kubwa zote kwa mkupuo mmoja. Nikaokota viini vyake kumi na viwili, vyote vizima, na ngozi yake juu haijachubuka. Moyo wangu ulijaa. Tumekuwa tukilitafuta jambo hilohilo, yeye na mimi, hatua ishirini kutoka mezani kwangu.

Ijumaa nikapeleka ombi: meza za jaribio zilipwe wastani wa wiki nne zilizopita, tufaulu au tusifaulu, na yeye aingie kwenye kamati kwa posho. Meneja kakubali la kwanza. La pili kasema tutaliangalia, Jumatatu nitamrudia. Nilipompelekea mama wa meza ya nne habari aliuliza kama wastani huo unaingiza na siku zisizo na umeme. Unaziingiza, na unashuka kwa sababu hiyo. Nimeomba ziondolewe.

Jioni hii mama yangu mzazi kapiga simu kutoka Newala. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, umeanza, jirani wanapuliza salfa ya unga kuuzuia, na yeye hataki kufunga kitambaa puani. Anakohoa tangu Jumapili. Anasema ni vumbi tu, lakini nilimsikia akikatiza maneno ili avute pumzi.