Kikapu nilichompelekea daktari

Kopo la kwanza aliniletea wifi. Nilikuwa nimetoka kupiga ultrasaundi, nimeambiwa ini lina mafuta, nipunguze mwili. Yeye anauza unga wa protini wa kutengenezea sheki, akasema huu unasafisha ini: vijiko viwili asubuhi badala ya chai na chapati. Nina duka la vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na Tabata natoka alfajiri, kwa hiyo sheki ilinikaa sawa. Mwili ukaanza kupungua. Tamaa ikaniingia: nikaongeza vidonge vya chai ya kijani, vya "kuchoma mafuta", na vya binzari ya manjano vyenye pilipili manga. Vyote navimeza tumbo tupu.

Wiki ya saba mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Nikasema sinywi maji. Kisha mwasho, viganjani na nyayoni, usiku kucha, na kipele hakuna hata kimoja. Siku moja mteja ananilipa, akanikazia macho: "Dada, mbona macho ya njano?"

Hospitalini ALT, kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia, ilisoma 412, na kawaida ni kama 40 kushuka chini. Homa ya ini B na C, sina. Daktari kijana tu, akanipa shikamoo, akauliza natumia dawa gani.

"Situmii dawa yoyote, mwanangu."

Wala sikuwa namficha. Ile mitishamba mimi nilikuwa naihesabu chakula. Bahati akauliza upya: "Na asubuhi mama unakunywa nini?" Nikaanza kutaja, akaweka kalamu chini. "Kesho niletee vyote."

Nikavipakia kwenye kikapu cha sokoni. Akavipanga mezani, akavigeuza kimoja kimoja akisoma vile viandishi vya mgongoni ambavyo mimi sikuwahi kuvigusa. Kiini cha chai ya kijani kilikuwemo ndani ya vitatu! Vidonge vya kwanza, miligramu 600 za EGCG kwa siku, ile kemikali kuu ya chai ya kijani. Vya kuchoma mafuta, 300. Unga wenyewe uliandikwa "mchanganyiko maalumu", kiasi hakuna. Akaniambia mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishasema mwaka 2018 kwamba virutubisho vikifikisha miligramu 800 za EGCG kwa siku, dalili za ini kuumia huanza kuonekana kwenye vipimo. Na tumbo likiwa tupu, kinaingia kwenye damu kwa wingi zaidi. Binzari nayo, ikichanganywa na pilipili manga, imeshawaumiza watu ini. Unga wa protini ungekuwa peke yake, alisema, asingekuwa na ugomvi nao.

Nikaacha vyote siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye ALT 180, wiki ya tisa 36. Mwasho ndio uliochelewa kuondoka.

Mafuta ya ini sasa nayapunguza kwa ugali mdogo, mchicha mwingi, soda hapana, na jioni nashuka kituo kimoja kabla ya changu. Kilo sita kwa miezi mitano. Sheki ilikuwa na kasi zaidi, sikatai.

Wifi alinuna. "Mimi natumia mwaka mzima, mbona mzima?" Daktari alikuwa ameshanieleza kwamba miili haifanani, wengine hupita salama, wengine ini linagoma, na kumjua mapema atakayegomewa ni kazi. Nilimweleza wifi hivyohivyo, akabadili mazungumzo. Juzi kanitumia picha ya mgongo wa kopo jipya, bila salamu wala neno.