Geuka kabla maji hayajageuka: kutembea mwambani Dar

Siku za bamvua, yaani maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, mnamo saa nne asubuhi, bahari ya Dar inatoka mbali. Coco Beach, Msasani, Kunduchi hadi Mjimwema, mahali palipokuwa na maji ya kuogelea alfajiri panabaki mwamba, mchanga na majani. Watu wanashuka na ndoo, na simu, na watoto. Wengi wao wanaujua muda wa kwenda. Muda wa kurudi ndio hawaujui, na huo ndio unaozamisha watu.

Mwamba haukulala sawa kama sakafu. Mara nyingi ukingo wa nje, pale mawimbi yanapovunjika, umeinuka, na kati yake na ufuko pana bonde la mchanga na majani. Asubuhi ulilivuka maji yakiwa chini ya magoti, hata hukulitilia maanani. Maji yanapoanza kuingia hupita kwenye mapengo ya mwamba na kulijaza bonde hilo kwanza. Wewe uko nje, umesimama pakavu, unatazama mbele baharini na kuona bado kumetulia. Nyuma yako njia imeshafungwa. Maji kujaa hayakukimbizi kutoka mbele, yanakuzunguka.

Kwa hiyo anza na hesabu. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Anayefuata kalenda ya Kiislamu aangalie kuanzia tarehe 1 hadi 4 ya mwezi, kisha 15 hadi 18. Siku hizo hapa kwetu maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kabisa jioni kwenye saa kumi. Kila siku muda unasogea mbele kwa dakika 40 hadi 50 hivi, na zaidi kwenye maji mafu, siku ambazo maji hupwa na kujaa kidogo tu. Jedwali la maji likikuonyesha kina cha chini cha mita 0.3, mwamba utatoka vizuri. Likionyesha mita 1 na zaidi, hayo ni maji mafu, hapana cha kufuata huko nje. Halafu hakikisha jedwali lako linatumia saa za hapa. Mengine ya kwenye mtandao yameandikwa kwa saa za kimataifa, na ukisahau kuongeza saa 3 umekosea nusu nzima ya safari ya maji.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua ambayo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Saa ya kwanza ndiyo inayodanganya, maana mtu anaona yanakuja polepole na kujiambia bado. Mahali palipokuwa pakavu tu wakati wa kupwa, baada ya saa mbili maji yanakaribia kiuno. Saa ya tatu ikiisha yamefika mita 1.8, na hapo watu wengi miguu yao haifiki tena chini. Bonde nalo linatangulia kuliko hivyo.

Kanuni ninayoisisitiza ni hii: shuka muda wa saa mbili kabla ya maji kukauka, uyafuate yakitoka. Nusu saa kabla ya kukauka kabisa, geuka. Maji yakianza kuingia uwe umeshalivuka bonde. Wanaoshuka wakati yameshakauka wamechelewa, hata kama mwamba unawavutia.

Saa ya mkononi ikikosekana, tazama majani ya baharini kwenye vidimbwi vyenye maji yanayotembea. Maji yakitoka, majani yote yamelalia upande wa bahari kuu. Yakisimama, majani nayo yanasimama na kuyumbayumba bila mwelekeo. Ukiyaona yameanza kulalia ufuko, usiongeze hata hatua kumi. Usitegemee mawimbi kukuonya, hasa majira ya kaskazi bahari inapokuwa shwari.

Vaa yeboyebo au raba kuukuu zenye soli ngumu. Kandambili hunasa topeni na kukuacha peku juu ya miiba. Beba mti wa mita 1.5, mpini wa fagio unatosha, kwa kupima kina na tope mbele yako. Beba pia dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba begani. Ukilikumbatia kifuani linatosha kukuweka kichwa juu ya maji, na halina uzito wa kukuchosha.

Ukikuta bonde limejaa, amua mapema. Maji ya chini ya magoti, vuka mara moja ukiburura miguu. Yakipita magoti na yanakimbia, yanaweza kumwangusha mtu mzima, hivyo tafuta sehemu pana zaidi, kwa kawaida ndiyo yenye kina kidogo. Ukichukuliwa, lala chali na dumu kifuani, miguu mbele ili isiwe kichwa kinachogonga mwamba, usogee kwa mshazari kuelekea ufuko. Kupambana na mkondo ana kwa ana kunamaliza pumzi tu.

Kwenye mikoko ya Kunduchi na Mbweni hatari ni tope. Mguu ukizama, usivute kwa kuukandamiza wa pili, itazama yote miwili. Kaa au lala nyuma ili uzito usambae, tikisa mguu taratibu mpaka maji yaingie pembeni yake, kisha uchomoe.

Kuburura miguu kuna faida nyingine: samaki taa aliyejifukia mchangani hukimbia badala ya kukanyagwa. Aliyechomwa na taa, au na yule samaki anayefanana kabisa na jiwe, aloweke mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, yapimwe kwanza kwa mguu usiochomwa ili yasimbabue, huku akipelekwa hospitali. Joto hupunguza nguvu ya sumu hiyo. Kombe zenye umbo la pia lenye ncha usiziokote hata zikiwa nzuri namna gani. Mwenyewe, konokono wa baharini, yumo ndani, na zipo ambazo sumu yake inaua.

Kabla ya kushuka, mwachie mtu ufukweni saa yako ya kurudi, uitamke kwa dakika. Ikipita hujaonekana, apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, kisha akimbilie wavuvi walio karibu, maana ngalawa yao tayari iko majini.