Siku ya 41: peni isiyo na wino

Imekubali! Leo alfajiri, kwenye zoezi langu la kuandika mfululizo bila kusimama wala kusahihisha, nimejaza kurasa mbili bila kukata neno hata moja. Siku arobaini nilikuwa nashindwa na kitu kile kile.

Muda haukuwa tatizo. Saa kumi na moja niko macho hapa Kitangiri, Mwanza, dakika kumi na tano, mkono usisimame. Tatizo ni jicho. Naandika mistari mitatu, jicho linarudi nyuma, linakuta "lakini" mbili zimefuatana, mkono unakata. Nikishakata mara moja basi tena: nageuza sentensi, naanza upya, dakika zinaisha nikiwa na aya moja imejaa makovu. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alishasema tangu 1973: usitazame nyuma, usikate, usijali tahajia. Kanuni naijua kwa moyo, na kila siku naivunja. Inauma.

Nikajaribu kuzima taa. Mistari ikapandana, hausomeki hata mmoja. Nikajaribu simu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: kitufe cha kufuta kiko chini ya kidole gumba, na wateja wa dagaa wameshatuma ujumbe tangu usiku. Simu isilale chumba kimoja na zoezi hili, hapo sibadilishi kauli. Kaunta buku nayo haitulii wazi mezani, inajifunga. Daftari la kawaida linatosha kabisa.

Juzi mbalamwezi ilikuwa kali, boti za dagaa hazikwenda ziwani, Mwaloni, soko la samaki ninakofanya kazi, kumepoa. Nikakaa kusafisha droo ya kazini. Nikakuta karatasi za kaboni za zamani, zile za kunakili stakabadhi kwenye karatasi ya chini, na peni iliyokauka. Nikaandika jina langu kwa peni ile. Juu michirizi mitupu. Chini, jina zima kwa bluu. Moyo ukapiga.

Jana niliweka kaboni kinyume. Maandishi yote yakagandia mgongoni mwa karatasi ya juu, yamegeuka kama kwenye kioo. Leo nimepanga sawasawa: karatasi tupu, kaboni uso wenye rangi ukitazama chini, karatasi ya pili, na chini ya vyote ubao wa kukatia mboga, maana bila kitu kigumu herufi zinafifia. Kaza mkono. Jicho linarudi nyuma kama kawaida yake, halikuti cha kukata, linarudi mbele lenyewe.

Kama dakika ya tano hivi kikaja Kisukuma, sikukiita: "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Halafu mama akaja mzima mzima, ameinama mchangani alfajiri, anatandaza dagaa kwa viganja, anawapigia makorongo kelele bila kuinua kichwa. Kitenge chake kina magamba yanayong'aa pindoni. Tangu tumzike sijawahi kuandika habari zake hata mstari mmoja. Nilijaribu mara nyingi, nikakata.

Hata zile siku za kushindwa zilinisaidia, nakiri. Nikifika kazini kichwa kimeshatua mizigo ya nyumbani, hesabu za magunia haziniyumbishi. Lakini hiki cha leo ni kitu kingine.

Wiki hii nilipanga kuhesabu maneno ya kila siku na kuongeza muda hadi nusu saa. Yote nimeyaweka pembeni. Kesho naanzia pale pale mchangani, kwenye ile kelele ya makorongo. Kaboni zimebaki tatu. Jioni nikitoka Mwaloni napitia mjini kutafuta nyingine.