Siku 30 za duka langu

Uamuzi wa baraza la kodi za maduka, kati yangu na mwenye nyumba, ulisomwa Jumatatu. Alhamisi nikakaa na wakili, na neno lake la kwanza likawa: "Siku tatu zishakwenda." Mimi nilidhani hesabu yaanza ukishapata nakala yenye muhuri. Sivyo. Sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, yakupa siku 30 za kukata rufaa tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, na rufaa hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nashona madera na kanzu karibu na Mtaa wa Biashara, mwaka wa kumi na moja huu. Mkataba wetu ni wa mdomo: nilimlipa marehemu babake mwenye nyumba, nikaendelea kumlipa yeye mwana. Watu wengi mjini waamini ukikosa karatasi huna haki. Sheria hiyo hiyo yamlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano. Akitaka kupandisha kodi, mwenye nyumba lazima akupe notisi kwa fomu iliyowekwa, miezi miwili kabla.

Yeye alinipigia simu usiku wa Ramadhani, nakata vitambaa vya Idi. "Mama, mwezi ujao ni elfu arubaini." Nilikuwa nalipa 25,000. Nikaenda barazani. Baraza likatazama kodi za maduka jirani, likaona 40,000 ni haki. Kuhusu ile simu, uamuzi haukutaja hata neno.

Nilipoandika sababu za rufaa zikawa kurasa sita: wateja waliopungua, stima, wema wa marehemu babake. Mwana wa kaka yangu ni karani wa wakili. Akazisoma zote, hakuruka ukurasa. "Shangazi, haya yauma, nayaona. Lakini jaji ataka kujua uamuzi ulikosea wapi." Tukabaki na nusu ukurasa, na juu kabisa tukaweka notisi: kama haikutolewa ipasavyo, baraza lilipimaje kodi mpya juu yake? Nililia kuzikata zile kurasa. Bado naamini ni za kweli.

Jambo ambalo sikuonywa ni kwamba rufaa peke yake haisimamishi uamuzi. Dalali aweza kukufikia ukiwa na risiti ya rufaa mkononi. Lazima uombe kando, kwa ombi jingine, utekelezaji usimamishwe, uonyeshe utapata hasara kubwa, hukuchelewa, na uko tayari kuweka dhamana. Nimejitolea kuweka ile tofauti ya 15,000 kila mwezi. Fedha hiyo naitoa kwenye akiba ya cherehani ya pili.

Rufaa tuliipeleka siku ya 22. Sasa twangoja mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yaliyopita barazani, uchapwe.

Jana mama mmoja aliniletea kitambaa cha kanzu kumi na mbili za harusi ya mwanawe. Akaniuliza kama mwezi ujao atanikuta papa hapa. Nikamwandikia risiti, na chini yake nikaandika mtaa huu na nambari ya mlango huu.